Jiko la Kumrudisha Attracta

Jumatatu, 4 Novemba
Nimekata shauri! Nanunua jiko la kupachika: sanduku la chuma lenye mlango wa kioo, linasukumwa ndani ya meko, nyumba inapata joto kama tanuri la mikate. Meko yetu ya mawe, aliyojenga babu, hupeleka joto mbinguni na kutuachia moshi. Mke wangu Attracta alipotoka hospitali na kifua chake, alipelekwa Sligo kwa dada yake, Philomena. Kwa muda tu, walisema. Shemeji huyo analo jiko la kupachika. Leo kaniambia kwenye simu kwamba dada yake sasa analala bila soksi. Bila soksi! Huo ni uchokozi.

Jumatano, 6 Novemba
Dukani. Muuzaji kauliza kama nimepima meko. Nimepima, kwa mbele. Na nyuma je? Eti meko ya zamani huwa membamba kwa ndani. Nikamwambia nimezaliwa mbele ya meko hayo, asinifundishe. Kauliza kama dohani ya kutolea moshi ni safi na ina bomba la chuma. Nikasema ndiyo. (Ina kunguru.) Kanishauri jiko dogo. Nikauliza la Philomena lina ukubwa gani. Nikachukua linalolizidi.

Jumamosi, 9 Novemba
Limegoma! Limeingia nusu, likakwama matako nje. Jirani yangu Packie kaja kutazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Malachy, hilo ni jiko au jeneza la ng'ombe?" Nikachukua patasi na nyundo. Mawe ya pembeni yametoka vizuri. Yametoka mno, lakini jiko limeingia. Lile kubwa la juu limepata ufa. Nimeufunika kwa picha ya harusi yetu.

Jumapili, 10 Novemba
Attracta kapiga simu. Sauti nyembamba. Kasema chumbani kwake kuna kitanda cha pili, Philomena ameridhia, niende tukae wote kipindi hiki cha baridi. "Mimi jiko silihitaji, Malachy. Nakuhitaji wewe." Nikamwambia avute subira, namwandalia jambo. Kasema, "Haya."

Alhamisi, 14 Novemba
Philomena kamleta kwa gari, aone tu. Nilivaa tai. Nikawasha moto. Moshi ukakataa kupanda, ukajaa sebuleni kama wageni wa msibani. Attracta alikuwa hata hajavua koti. Kikohozi kikamkunja, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama kijiti kikavu. Philomena hakunikemea. Afadhali angenikemea! Alimfunga skafu, akamwongoza hadi garini. Attracta akashusha kioo, akaniambia nipande hivyo hivyo, nguo zangu Packie atazileta. Nikasema sharti nibaki nifungue madirisha. Madirisha! Gari likaondoka. Keki ya zabibu niliyowaandalia imebaki mezani. Nimekula mwenyewe. Ina ladha ya masizi.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimekwenda Sligo. Kitanda cha pili kimetandikwa, juu ya mto pijama mpya ya saizi yangu. Attracta amekonda. Kanionyesha kabati: nusu nzima kaniachia. Kasema akishtuka usingizini husikiliza kama ninapumua, halafu anakumbuka kwamba niko kule peke yangu. Nilishindwa kumtazama. Nikaenda kuchuchumaa mbele ya meko ya Philomena, nikalipima jiko lake mbele na nyuma. Attracta akauliza nafanya nini. Nikamweleza kwamba kosa nimelijua: jiko lilikuwa dogo, halikuwa na nguvu ya kuusukuma moshi. Nimeshaagiza kubwa zaidi. Ukuta nitauvunja vizuri safari hii.

Attracta aliikunja ile pijama taratibu, akaitia kwenye droo. Akaniambia niendeshe polepole, barabara ina utelezi. Nilipogeuza gari alikuwa amesimama dirishani. Sikumpungia mkono, nilikuwa nakumbuka vipimo.

Nimefika salama. Nyumba baridi, vidole havishiki kalamu. Kufikia Krismasi atakuwa amerudi kwangu, hana budi! Kesho asubuhi naanza na ukuta.