Mama ya Cheche Amefunga Kinywa

Jumanne, tarehe 3 Juni

Mutoto wangu Séraphin anataka kuoa! Jumamosi tunaenda Manika kwa tata Kabemba, kuomba binti yake Mignonne. Furaha. Machozi. Nimefagia lupango lote la nyumba mara mbili.

Halafu Séraphin ameniomba kitu kimoja tu. Nisiseme kwa bakwe kwamba yeye ni Cheche.

Kitu kimoja! Afadhali angeniomba niache kula bukari.

Kolwezi nzima inamukumbuka Radi, yule mwanaume wa barakoa aliyeruka juu ya muji akikamata majambazi. Inakumbuka na kijana wake, Cheche, mwenye joho la njano. Lakini nani anajua kwamba Radi ni tata Masudi, jirani yetu hapa Dilala, anayeziba mipira ya magari? Nani anajua kwamba Cheche alitoka kwa tumbo hili? Sisi wa nyumba hizi mbili tu, na Mignonne, maana Séraphin amemwambia mwenyewe.

Shida ni tata Kabemba. Zamani, katikati ya mvua, Cheche alimwangukia. Alipasua mabati akafikia kitandani kwake. Tata Kabemba, karani, mutu wa heshima, aliapa mbele ya barabara nzima kwamba mutu wa kuruka hataingia tena nyumbani mwake, hata kwa mlango.

Bon. Nimeapa nitanyamaza. Nimeapa kwa jina la marehemu baba yake.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mama Kadija, muke ya tata Masudi, amekuja kuomba chumvi. Uongo. Amekuja kujisifu. Eti bwana yake ndiye atakayetusemea Jumamosi, kwa sababu baba ya Séraphin hayupo. Eti bila Radi, Cheche hangekuwa kitu. Eti kazi yote ya mutoto wangu ilikuwa kubeba termosi ya chai.

Termosi! Radi alipotoka bila miwani akamufunga padri kamba akifikiri ni jambazi, nani alimufungua padri na kumuomba pardon? Mwenye termosi! Nimemupa chumvi kidogo sana.

Sasa Séraphin ni mwanaume wa miaka thelathini na nne. Anafanya kazi Kingamyambo, kule banaosafisha tope la zamani la migodi kutoa shaba na kobalti. Yeye ni wa usalama. Kutwa nzima anaambia batu: vaa kofia, shika ngazi kwa mikono miwili. Mutu aliyeruka juu ya kanisa, kifua mbele! Lakini tangu aanze, hakuna mutu wa kikosi chake aliyevunjika hata kidole. Na anajua majina ya batoto ya kila mufanyakazi. Kazi kubwa. Shida yake moja: haionekani kutoka barabarani.

Nimefikiri sana. Mi niliapa kutosema. Kutoonesha sikuapa.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Leo shangazi ya Mignonne, mama Mwadi, amekuja kutazama nyumba yetu, na Mignonne pamoja naye. Mpango wangu ulikuwa muzuri kabisa. Nipande muti wa avoka, nipige kelele, Séraphin aruke kuniokoa, mama Mwadi apendezwe, akamulainishe kaka yake.

Nilipanda. Nilipiga kelele. Sauti ilifika sokoni.

Séraphin alitoka. Akanitazama. Akapumua ile pumzi yake ndefu. Halafu akaleta ngazi! Kwanza alinirushia kofia ya kazi, akaniambia nivae, mama, tafazali. Akafunga kamba ya usalama, akamusogeza mama Mwadi nyuma yake. Mignonne akashika ngazi chini bila kuambiwa, kama aliyezoea. Nikashushwa mugongoni kama gunia la makaa. Kikwembe changu cha juu, kitenge kizima, kilibaki kwenye tawi.

Mama Mwadi aliuliza nilikuwa natafuta nini kule. Nikasema hewa safi.

Mama Kadija alikuwa kwenye ukuta. Alicheka mpaka akakohoa. Akohoe.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimefungua sanduku. Joho la Cheche lipo, na alama yake ya cheche nyekundu. Nimelikata, nimeshona kitambaa cha kichwa. Cheche iko mbele, juu ya paji la uso. Sijasema neno!

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Yesu wangu.

Tumefika kwa tata Kabemba, mi na kitambaa changu cha njano. Nani anashuka kwenye moto, pikipiki iliyokuja nyuma yetu? Mama Kadija, na kitambaa cha bluu chenye radi ya fedha katikati. Joho la bwana yake! Mwizi wa akili! Séraphin alitutazama sote wawili, akafunga macho.

Tata Masudi alisema vizuri, magoti yakimuuma. Tata Kabemba akashukuru. Halafu akaonesha juu. Kule kuna kipande cha bati chenye rangi tofauti. Akauliza: mutu anayeangukia nyumba ya wengine, mama yake alimufundisha nini?

Mama yake! Niliuma kitambaa. Niliuma ulimi. Nilinyamaza, mbele ya Mungu nilinyamaza! Ndipo mama Kadija akanong'ona kwa sauti ya sokoni kwamba Cheche alianguka sababu ya termosi, hakuifunga, chai ikamuunguza.

Nikasimama. Nikasema: termosi ilikuwa yenu!

Tata Kabemba akanigeukia.

Séraphin akasimama pia. Hakukimbia, hakuruka. Akasema tata, ni mi niliyepasua nyumba yako, usimuache Mignonne alipe deni langu. Mignonne akaja kusimama karibu naye.

Tata Kabemba akatuambia tukae. Akasema anajua tangu zamani. Kesho ya ile siku ya kuangukiwa, mvua ikinyesha bado, kijana alikuja na mabati, mukono mumoja umefungwa bandeji, eti ametumwa na parokia. Parokia gani inatoa mabati? Na uzi wa njano ulikuwa unamutoka kwa suruali. Kijana alipigilia misumari kwa mukono mumoja mpaka ikaisha, na tata Kabemba mwenyewe ndiye aliyemushikia ngazi. Alimungoja arudi siku moja, kwa mlango. Kiapo chake kilikuwa juu ya mutu wa kuruka. Huyu, akasema, alikuja kwa ngazi.

Amemukubali! Nimevua kitambaa, nimelia juu ya cheche. Mutoto wangu! Na hajawahi kuniambia habari ya yale mabati.

Tata Kabemba ameomba siri ibaki mle ndani, na mi nikae mbali na miti. Nimeapa tena.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Pentekoste. Misa nzuri. Nimemwambia mama Stéphanie wa korali peke yake, na yeye si mutu wa kusema, maana alikuwa ameuliza sana juu ya kitambaa, tangu nilipomuonesha. Mama Kadija ameambia soko zima. Mwanamuke asiyejua siri!

Baadaye nimemuona padri kwa ajili ya ndoa. Nimemuuliza kama dirisha la juu ya altare linafunguka. Akauliza ya nini.

Nikasema hewa safi.

Alipoondoka nimelipima kwa mikono, kutoka chini. Siku ya ndoa Séraphin atapita, akikunja magoti kidogo.