Vikofia Vinne vya Seva ya Kanisa

Jumatatu, 1 Juni 1998
Sikukuu ya Madaraka. Seva, kompyuta kubwa ya kutunza kumbukumbu, imefika Kimulot nyuma ya trekta la majani chai, imefunikwa gunia. Kampuni moja ya chai imelizawadia kanisa mashine hii kwa sababu imezeeka. Sanduku jeusi la chuma, kimo cha mbuzi wa miezi sita. Mokaya, fundi aliyeileta, ameiwasha ofisini mwangu mbele ya Pasta Kipngeno. Skrini ikaandika kwamba diski nne zipo. Mokaya akaizima, akaenda kwa shemeji yake huko Sigowet.

Pasta anasema Jumapili wageni wa jimbo watakuja kuiona ikifanya kazi. Majina ya washiriki wa makanisa yote tisa yataingia humo, na atakayeiendesha ndiye atakuwa katibu. Mimi ni katibu huu mwaka wa kumi na tatu. Rejista nimeandika kwa kalamu, sijakosea jina la mtu ila wale mapacha. Halafu Pasta akasema labda tumwite Mureithi, yule mwenye chuo cha taipu pale Kapkatet. Nikasema hakuna haja, Mungu ametupa mikono. Moyoni nikajua: Mureithi akishika mashine, mimi nitashika ufagio.

Jumanne, 2 Juni
Nimeamka na mpango. Niisafishe ing'ae, wageni wakiiona waseme huyu mzee anaijua.

Nimeifungua. Ndani vumbi la chai la kutosha birika mbili. Nikatumia brashi ya viatu (mpya). Nyuma ya diski nikakuta vikofia vidogo vya plastiki, vinne, vimevikwa kwenye vipini vyembamba. Nikaona hivi ni vya safari tu, kama plastiki za miguu ya kiti kipya. Nikavitoa vyote, nikavitia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

Nikaiwasha. Skrini: hakuna diski hata moja.

Nikaizima. Nikaiwasha. Nikaipiga kofi kidogo, vile tunafanya redio. Hakuna. Pasta akachungulia dirishani akiuliza tumefika wapi. Nikamwambia bado inajipasha moto.

Jumatano, 3 Juni
Bado inajipasha moto.

Nimewaita akina mama wa maombi. Nimewaambia adui ameingilia mashine. Wamekubali kufunga mpaka jioni, na mke wangu Chemutai yuko kati yao, ametoka kuchuma majani tumbo tupu. Waliiwekea seva mikono, wakaimba, mmoja akalia. Vile vikofia sikuvitaja. Mungu nisamehe, nilitaka kuvitaja, lakini wimbo ulikuwa umefika ubeti wa tatu.

Niliiwasha mbele yao. Hakuna diski. Chemutai akaniambia polepole, "Baba Joan, adui huyu ameshiba." Yeye alikuwa hajala.

Alhamisi, 4 Juni
Pasta amemwita Mureithi bila kuniuliza.

Amekuja na bisibisi zake na mkate mzima wa kumpa Chemutai, ati amesikia akina mama walifunga. Mtu wa kuchungwa sana huyu. Nilisimama kati yake na mashine kadiri nilivyoweza. Aliangalia umeme, akaangalia ule utepe mpana wa waya unaopita diski zote. Akagusa kizibo kidogo kilichokaa mwisho wa utepe, hakijashika kitu chochote. Akasema, "Mzee Bethwel, hiki usikiguse kamwe. Kikitoka, hizi diski hazitaonekana tena." Nikaitikia vizuri. Nilimwelewa: anataka niogope mashine yangu mwenyewe.

Hakupata shida iko wapi. Akaniuliza kama kuna kitu kimetolewa. Nikamwambia vumbi. Huo si uongo.

Pasta anasema ikifika Jumapili imenyamaza, itapelekwa Kapkatet kwa Mureithi, pamoja na rejista. Chakula cha jioni sikukimaliza.

Ijumaa, 5 Juni
Chemutai amerudi kutoka kituo cha kuuzia majani amekasirika. Walipewa kadi mpya, na yeye na jirani yetu Chepkurui wakapewa namba ile ile moja. Karani akakataa kupima kapu la yeyote. Akawauliza, "Nikiita namba moja mkaitika wawili, nimsikie nani?" Wakakaa juani mpaka kadi ya Chepkurui ikabadilishwa.

Nilikuwa na kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mkononi. Nikakiweka chini.

Diski zangu ni nne. Zote zinafanana. Kitu pekee kilichozitofautisha ni vile vikofia, kila diski ilivivaa kwa mpangilio wake. Zote zinaitika kwa namba moja, na mashine haijui imsikie nani!

Nilimwambia Chemutai karani huyo ana akili. Akasema hajaona mume wa kumtetea karani siku kama hiyo.

Jumamosi, 6 Juni
Nimefunga mlango, nikafungua kopo. Vikofia vimejaa mafuta, nikavipangusa kwa leso. Diski ya kwanza nikaiacha bila kofia. Ya pili kimoja pembeni, ya tatu kimoja katikati, ya nne viwili, pembeni na katikati. Nikaiwasha.

Zote nne.

Nilipiga magoti hapo hapo, kwenye saruji.

Jumapili, 7 Juni
Wageni wameona, wamepiga makofi. Nilisimama kutoa ushuhuda. Nikasema siku tano nilipambana na adui ndani ya chuma, na maombi ya akina mama yakamshinda. Chemutai alinitazama kutoka benchi la pili, akachungulia lile kopo la mafuta lililotuna mfukoni mwangu, akainamisha kichwa. Anayeweza kusema alikuwa anaomba, na aseme. Mureithi ndiye alipiga makofi zaidi ya wote. Nimeambiwa niendelee kuwa katibu, na ufunguo wa ofisi ubaki kwangu. Kongoi, asante Bwana.

Kesho saa tatu wageni wanarudi kupiga picha ya mashine kabla ya kuondoka. Baada ya ibada nimeifungua tena niiangalie. Inapendeza, ila ule utepe wa waya una kile kizibo kinaning'inia mwisho, hakina kazi, kinaharibu sura. Mureithi alinitisha nacho bure.

Nimekitoa. Kiko kwenye kopo.