Kamba Nyekundu na Shikamoo Zangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kujifunza kuendesha boti ya Mjomba. Inavusha watu kutoka gati letu hadi ng'ambo. Abiria wanane, injini moja ya kufunga nyuma. Mgongo wa Mjomba umegoma, anataka dereva. Nafasi ni moja na sisi tuko wawili: mimi na binti yake, ambaye gatini wanamwita Redio kwa sababu hajulikani anazimwa wapi.

Sababu yangu ya kuitaka kazi hii sijamwambia mtu. Injini ile inanguruma kiasi kwamba hakuna abiria anayeweza kumwuliza dereva swali. Nikiikosa, Jumatatu ijayo naanza kazi saluni kwa Shangazi, kuosha nywele za wateja na kuwauliza habari za watoto wao. Wateja ishirini kwa siku. Nilipiga hesabu ya maneno nikashindwa kumaliza chakula.

Mkaguzi wa vyombo vya majini anakuja Jumamosi kutupima.

Somo la kwanza: kamba ya usalama. Fupi, nyekundu, imejikunja kama waya wa simu ya mezani. Ncha moja inabana kwenye kitufe cha injini, nyingine dereva anajifunga mkononi. Akidondoka, kamba inachomoka na injini inazimika papo hapo. Mjomba alisema injini haina macho, haijui kama dereva yupo au ameshaenda kuoga. Nimeandika yote kwenye daftari. Mstari wa chini nimepiga kwa rula.

Jumanne, 4 Machi

Nimeendesha vizuri sana kwa dakika nne.

Kisha ikapita boti nyingine, ndani yake mwalimu wangu mkuu wa zamani. Mimi sijawahi kumwamkia mtu mzima nikiwa nimekaa. Sijui hata inafanywaje. Nikasimama, nikainua mikono yote miwili, nikapiga goti kidogo. Kamba ikachomoka. Injini kimya. Na katika ukimya ule shikamoo yangu ikasikika pande zote mbili za maji.

Mara ya pili alikuwa bibi muuza mboga. Mara ya tatu, babu wa jirani, ambaye hata hakuniona.

Redio aliwatangazia abiria kwamba boti hii siku hizi haivushi watu, inapeleka salamu. Walicheka mpaka tukayumba. Fundi cherehani, abiria wetu wa kila siku, aliuliza kwa upole kama makasia yapo.

Mjomba ameniambia niamkie kwa kichwa tu. Nimejaribu mbele ya kioo. Nafanana na kuku anayedonoa mahindi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata ufumbuzi. Tatizo si mimi, ni urefu wa kamba. Nimekata mita tatu za kamba ya kuanikia nguo nyumbani nikaunganisha.

Hadi saa nne nilikuwa nimewaamkia wazee watano, wima kabisa, bila kuzimika hata mara moja. Sikujua kwamba kamba inatambaa sakafuni kivyake. Fundi cherehani alihama benchi kukwepa jua, akaondoka nayo kwenye kifundo cha mguu. Injini ikafa. Akasimama katikati ya boti akimtafuta mwenye kosa pamoja na wenzake.

Mjomba akauliza dereva wa boti hii hasa ni nani. Fundi akaapa kwamba si yeye.

Jioni Mama aliuliza kamba yake iko wapi. Shuka za nyumba nzima zilikuwa juu ya ukuta wa jirani. Nilisema sijui, kwa sauti ndogo, ambayo ndiyo sauti yangu ya kila siku, kwa hiyo hakushuku.

Alhamisi, 6 Machi

Ufumbuzi wa kweli. Ile ndoo ya plastiki ya kutolea maji yanayoingia botini nimeijaza mawe, nikafunga kamba ya usalama kwenye mshikio wake. Ndoo haimwamkii mtu.

Shikamoo kumi na moja. Injini haikukohoa. Mjomba hukaa mbele, na kwa ajili ya mgongo hageuki, kwa hiyo hakuona kitu. Tulipofika gatini alinisifu kwamba sasa nimetulia. Nilifurahi sana, kisha nikajisikia vibaya, kisha nikafurahi tena.

Redio ameona. Tangu asubuhi hadi saa sita hakutamka neno, mpaka abiria wakamwuliza kama anaumwa. Nilipomfuata pembeni alisema hana haraka, anamngoja Mkaguzi ajionee mwenyewe dereva wa plastiki. Akaniita Bi Kimya. Akasema saluni kuna feni, nitapazoea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeanguka.

Alipita nesi mstaafu aliyenizalisha, maana yake aliyemzalisha Mama nikatoka mimi. Mtu kama huyo huwezi kumwamkia nusunusu. Nilipiga goti lote. Boti ikapanda wimbi la boti yake, nami nikaenda kichwa chini.

Jaketi la kuokolea likanirudisha juu. Nikafungua macho nikaiona boti inaendelea bila mimi, ndoo imekaa mahali pangu imetulia tuli. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyeshika mkono wa injini, ikaanza kukata kona. Ikazunguka. Ikawa inanijia mimi.

Yale mapanga yaliyo chini ya injini sikuwahi kuyasikia kutoka majini. Yana sauti nyingine kabisa. Nilikunja miguu mpaka kidevuni. Nilitaka kupiga kelele, nikaona haya.

Redio aliruka mabenchi, akakanyaga mapaja ya fundi cherehani, akaichomoa kamba kwenye kitufe. Boti ikasimama umbali wa kasia moja tu kutoka kwangu.

Tulipofika gatini Mjomba alikaa juu ya dumu tupu, akaniuliza angeenda kumwambia nini dada yake, yaani Mama. Redio naye alikuwa analia, na huku analia anamweleza kila aliyepita jinsi ilivyokuwa.

Nimeapa. Kamba haitatoka mkononi mwangu tena.

Jumamosi, 8 Machi

Mkaguzi ni mzee mwenye mvi, bahati yangu. Nilimwamkia nikiwa nchi kavu, mapema, ili deni liishe kabla ya kupanda.

Redio alianza. Alikuwa akimsimulia habari za jana na akawasha injini gia ikiwa imeingia, boti bado imefungwa gatini. Boti iliruka, kamba ya gati ikaivuta, Mkaguzi akakaa ndani ya kapu la nyanya za mtu.

Zamu yangu nikafuata daftari. Jaketi. Mafuta. Tundu la hewa la tangi, wazi. Gia huru. Kamba ya usalama mkononi. Kuwasha, kisha kuangalia kama maji ya kupoza injini yanatoka. Kuondoka polepole. Zilipita boti tatu za watu wazima nikaangalia viatu vyangu.

Katikati ya maji Mkaguzi akasema nimefaulu, akaninyooshea mkono.

Nikasimama. Mikono miwili, goti.

Katika ukimya uliofuata alisema miaka yote hii hajawahi kuona dereva anayemthibitishia kwa vitendo kwamba kamba inafanya kazi. Kazi nimepata, kwa sharti moja: mwezi mzima Redio akae karibu yangu, awe ananiamkilia watu.

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiri sana kanisani, tena nikiwa nimekaa. Sharti la Mkaguzi halitoshi. Redio akiniamkilia watu, bado mimi nitaonekana sina adabu.

Lakini nimegundua jambo. Redio hasimami kwa ajili ya mtu yeyote. Hata bibi yetu humwamkia huku mwenyewe amelala chali. Nimemwuliza, naye amekubali mara moja, anasema kuongea hakuhitaji mikono.

Kwa hiyo kesho asubuhi kamba ya usalama namfunga yeye, ili mimi niwaamkie watu kwa amani.