Joto la Upande wa Pili

Jumamosi, 5 Julai

Inatangazwa kwa wakazi wote wa chumba hiki, yaani mimi: kuanzia leo, kila mguu utavaa soksi mbili. Tangazo limeanza kutumika lilipotamkwa. Hakuna rufaa.

Sababu ni baridi. Wale wanaosema Durban haina baridi waje walale Berea mwezi wa saba, jengo la zamani, dirisha lisilofunga vizuri, upepo wa kusini umeamka vibaya. Mimi nimezaliwa Makete. Baridi naijua kwa jina. Lakini Makete kulikuwa na moto.

Mke wangu Ernestina ameondoka jana. Amembeba Irene, mtoto wetu, ambaye kifua chake kinakoroma kama redio iliyopotea stesheni, amekwenda kwa kaka yake Ephraim, Queensburgh. Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Alisema tu atarudi chumba kikiwa na joto. Mlangoni akageuka: "Baba Irene, usinipigie simu ya maneno. Nipigie ya joto."

Hita ya umeme mwenye nyumba amepiga marufuku. Mita moja, sisi wengi. Imebaki ya gesi. Basi leo kutwa nzima nimejisomesha hita za gesi kwenye simu. Kuna ya kichwa, inafungwa juu ya mtungi. Kuna ya boksi lenye magurudumu, mtungi unaingia mgongoni, mbele kuna mabamba yanayowaka mekundu: moja, mawili, mpaka matatu. Kuna inayojizima yenyewe ikidondoka. Sasa najua kuliko wauzaji.

Na nimegundua sheria kuu: hewa ya moto hupanda juu.

Nikainua macho. Chumba chetu ni nusu ya iliyokuwa sebule. Nusu ya pili anakaa Barthélemy, Mkongo, fundi simu, na mkewe Marcelline anayesuka nywele. Kati yetu kuna ubao. Ubao haufiki dari. Juu umebaki uwazi, mkono unapita mzima.

Sasa fikiri. Barthélemy akinunua hita, joto linapanda, linagonga dari, linaona uwazi, linavuka, linanishukia. Bure! Kwa hiyo kazi yangu ni moja tu: kuchagua hita.

Ya Barthélemy.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nimemkuta Barthélemy kwenye jiko letu la pamoja. Nikaanzia mbali. Nikasema mwaka huu wanaume wenye akili wananunua hita ya mabamba matatu. Alisikiliza vizuri mno. Mtu anayesikiliza namna ile ana lake moyoni.

Akaniuliza yangu iko wapi. Nikamjibu kwamba sisi watu wa Makete baridi hatuisikii. (Chini ya koti nilikuwa nimejifunga kitenge cha Ernestina. Pindo lilichungulia. Nililirudisha kwa heshima.) Akasema hata yeye haisikii. "Mimi nilikomalia Bukavu, vieux. Hapa iko joto tu." Vieux ni mimi, yaani mzee. Akafungua dirisha kuthibitisha. Nami nikafungua la pili. Tukakaa tunatazamana mpaka chai ikawa maji. Meno yake yalikuwa yanagongana, nimeyasikia. Ya kwangu niliyauma.

Marcelline akaingia, akatuangalia, akasema neno la Kifaransa ambalo halikuwa sala, akafunga madirisha yote mawili.

Jambo la kuzingatia: Barthélemy aliniomba kamba. Ya nini? Hakusema. Nimempa, ili niifuatilie.

Jumatatu, 7 Julai

Mbinu mpya. Nimechukua karatasi ya matangazo ya duka, ile yenye picha za bidhaa. Nimeizungushia duara jekundu hita kubwa kuliko zote. Nimeipenyeza chini ya mlango wao. Nikapanda kitandani kusubiri akili ya Barthélemy iive.

Haikupita muda. Karatasi imerudi kwa njia ya juu ya ubao. Imeniangukia usoni. Duara langu lipo. Ndani ya duara ameandika: TANZANIE.

Ni mimi huyo, Mtanzania. Nimeelewa mchezo. Naye ameuona uwazi! Naye anasubiri mimi ninunue! Mkongo yule amesoma sheria ile ile ya hewa. Nani kamfundisha?

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda dukani mwenyewe, kwa upelelezi. Dada wa kitengo cha hita ni mtu hatari. Anatabasamu. Akaniuliza chumba kina ukubwa gani. Nikasema si changu. Akauliza basi namchagulia nani. Nikasema jirani. "Eish, baba," akasema, "jirani yako ana bahati."

Akanieleza kwamba hita ya gesi inakula hewa kama mtu, kwa hiyo dirisha lazima liachwe wazi kidogo. Hapo nikamgundua. Unaniuzia joto, kisha unaniambia nifungue dirisha litoke? Wako pamoja na watu wa mitungi hawa. Akasema pia mpira wa gesi unapimwa kwa povu la sabuni: pakivuja, povu linachemka. Bila shaka ana shemeji kiwanda cha sabuni.

Nilipogeuka kuondoka, nimemwona nani nyuma ya mafriji? Barthélemy! Amekunja boksi tupu la friji, kalibana kwapani. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema chaja. Kwenye mafriji! Fundi simu mzima!

Tumerudi kwa taxi moja, kila mtu na dirisha lake. Na lile boksi? Ni wazi. Ameagiza hita kubwa, sasa anatafuta pa kuificha nisijue. Kamba kwanza, boksi baadaye. Yote yanaungana.

Jumatano, 9 Julai

Ernestina kapiga. Irene hakohoi tena. Ephraim ana hita ndogo ya boksi, bamba moja. Nikacheka kwamba bamba moja ni la kuchomea mahindi. Kisha Ephraim akaichukua simu, akaniambia kwa upole sana, "Shemeji, usijali, huku nafasi ipo mpaka kiangazi." Upole wa namna hiyo ni tusi. Nyuma yake nikamsikia Irene anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo humu ndani. Humu huwa anakohoa tu.

Nikakata simu. Nikavaa viatu. Naapa nilikuwa nakwenda kununua. Mkono ulikuwa kwenye kitasa.

Ndipo sauti ya Marcelline ikavuka juu ya ubao. Alikuwa anamwambia mtu kwenye simu yake: "Shofaa... atakuya kesho asubui." Mwisho wa lile neno la kwanza ulimezwa na mluzi wa birika. Mimi Kifaransa sikusoma, lakini nina simu. Nikaandika nilichosikia. Simu ikanipa: chauffage, kifaa cha kupashia chumba joto.

Nikavua viatu!

Nimeona kwamba alisema "atakuya". Hita ni kitu, angepaswa kusema "itakuja". Lakini Wakongo na ngeli za Kiswahili hawajawahi kusalimiana. Nimemsamehe.

Nimempigia Ernestina simu ya joto. Nikamwambia aje Ijumaa. Akauliza, "Joto la nani?" Wanawake wana mashaka sana. Nikasema la nyumba. Akakubali haraka. Kwa nini haraka? Nitalichunguza.

Jioni nimefanya kazi ya kihandisi. Joto litaingilia juu, basi atakayelala juu ndiye atakayelipokea likiwa bichi. Nimeinua kitanda kwa makreti ya soda, tabaka juu ya tabaka. Sasa napandia kwenye kiti. Pua iko karibu na dari kiasi cha kunusa rangi.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi mlango ukagongwa. Nilitoka mbio kuipokea. Amesimama mwanamume mnene, ufunguo wa bakkie, yaani pikapu, unazunguka kidoleni. Hita hakuna. Nikamuuliza iko wapi. Akauliza nini. Nikasema shofaaji. Akajigonga kifua: "Chauffeur? Njo miye."

Kumbe dereva. Ngeli ilikuwa sahihi.

Wanahama! Wamekwenda Sydenham, Marcelline kapata nafasi kwenye saluni kubwa. Wametoa kitanda, wametoa televisheni ndani ya boksi la friji, imefungwa kwa kamba. Kamba yangu! Barthélemy akafungua hata kitasa cha mlango kwa bisibisi, akakitia mfukoni, eti alikinunua mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia anahama. Akasema nilikuwa naongea hita tu, nafasi ya kusema ataipata wapi. Marcelline akadakia: "Papa Irene, immeuble nzima inajua. Ata Ernestina anajua."

Ernestina? Anajuaje? Hili jengo lina mtandao.

Barthélemy akanikumbatia. "Nunua yako sasa, vieux," akaniambia. Ushauri wa mtu anayehama una faida gani kwake? Nimeukataa.

Upande wa pili sasa hamna hata mtu wa kupumua. Baridi yake yote inavuka juu na kunishukia. Nimelala na viatu.

Ijumaa, 11 Julai

Ernestina amekuja, na bakkie ile ile! Dereva yule yule! Mbele wamekaa yeye na Irene, nyuma Ephraim ameikumbatia hita yake ndogo ya boksi, ile ya bamba moja, inayojizima ikidondoka. Nisingeichagua.

Aliingia chumbani kwetu. Aliona kitanda. Alikitazama kuanzia kreti ya chini mpaka juu, taratibu, kama anasoma bango. Akasema, "Mtoto nimlaze wapi, Yeremia? Kwenye balbu?"

Akatoka. Nikajua anarudi Queensburgh. Hapana. Akaingia mlango wa pili. Kumbe Marcelline amemwachia ile nusu yao mpaka mwezi uishe, walishapanga wao kwa wao tangu siku nyingi, na mimi hapa nafanya upelelezi wa kamba. Ephraim akapaka povu la sabuni kwenye mpira, akalitazama, akaacha dirisha wazi kidogo, akawasha. Nilisikia ile "tik, tik, puu".

Naweka kumbukumbu sawa, kwa haki: nilisema Alhamisi chauffage itakuja. Chauffeur ameileta chauffage. Nimekosea siku moja tu.

Baadaye Ernestina aliita juu ya ubao. "Baba Irene, njoo huku. Mlango hauna hata kitasa." Sauti yake ilikuwa nzuri. Nikashtuka. Mtu akishaingia, akaota moto, akambeba mtoto, kitakachofuata ni kuambiwa mtungi ukiisha utaujaza wewe. Nimeona watu wakinaswa hivyo. Nikamjibu kwamba huku kwangu kuna joto la kutosha.

Akasema, "Sawa."

Jumamosi, 12 Julai

Sheria imethibitishwa! Joto limevuka! Nililala chali, na paji la uso likawa na joto, naapa, kama mtu kaniwekea kiganja. Miguu bado. Miguu sasa imevaa soksi nne kila mmoja. Lakini paji la uso!

Bure kabisa.

Irene anacheka upande wa pili. Nikagonga ubao, naye akagonga. Nikagonga mara mbili, akapiga kelele ya furaha. Mazungumzo mazuri. Nikachukua nafasi hiyo kumshauri Ernestina, kwa ajili ya kifua cha mtoto, amwambie Ephraim abadilishe, alete ya mabamba matatu. Nikamrushia ile karatasi ya matangazo, duara bado lipo.

Haijarudi. Dalili njema. Anaitafakari.

Jumapili, 13 Julai

Ephraim amekuja mchana na ngazi, nyundo na kipande kirefu cha ubao. Viatu vipya. Vya nini, siku ya kazi ya nyundo? Nimevitilia shaka mara moja. Akaniomba, "Shemeji, nishikie ngazi, huku sakafu inateleza." Nikasimama pale mlangoni kwao nikamwambia ailete upande wangu, nitaishika nikiwa kwangu. Akaileta. Nilidhani anataka kumtengenezea Irene rafu ndogo. Nilimshikia kwa mikono miwili, macho kwenye viatu.

Alipomaliza kupiga misumari alishuka, akanishukuru, akasema joto lilikuwa linakimbia, haijulikani linakwenda wapi.

Ubao sasa unafika dari.

Nimekaa nikafikiri. Sikukata tamaa. Nimepiga magoti, nimechunguza, nimegundua: chini ya ubao kuna mwanya! Vidole vinapita! Kesho naondoa makreti yote, nashusha kitanda mpaka sakafuni, naweka kichwa pale pale. Watanitafuta wasinione.

Ernestina ameita tena, chakula kiko tayari. Nimemwambia nimeshiba. Sauti ile ile nzuri. Sidanganyiki.

Mlango wao hauna kitasa. Unafunguka kwa kidole.