Meza Nne za Kona ya Ngendo

Jumatatu, 2 Novemba 1998
Mke wangu Ngendo amenipa mpaka Jumamosi. Nisipopata wanafunzi wa kompyuta, mashine yangu iende chini ya kitanda na kona hii ya duka iwe saluni yake. Alisema kwa upole, huku akipima kona kwa utepe. Upole huo ndio hunitisha.

Wakonyo wa ng'ambo ya barabara, anayefundisha kwa kompyuta mbili, kanisalimu: habari ya ile moja?

Jumanne, 3 Novemba
Nimeweka Linux, programu ya kuendesha kompyuta, kwa diski niliyonunua Juja. Sura ya kioo cha kompyuta unajichagulia. Niliyoanza nayo ni maridadi kama kadi ya harusi, ila ukifungua dirisha unaweza kwenda kunywa chai kabla halijafunguka. Nikajaribu sura nyingine, Fvwm. Kavu kama ofisi ya chifu, lakini pembeni kuna vijisanduku vinne. Bonyeza kimoja, kioo chote kinakuwa meza tupu ya kazi. Bonyeza kingine, meza nyingine.

Meza nne, mashine moja. Wakonyo ana mbili tu, maskini.

Jumatano, 4 Novemba
Bango jipya mlangoni: MEZA NNE ZA KOMPYUTA. Si uongo. Barasa, karani mkuu wa shamba la kahawa, kalisoma, akasema ana makarani wanne wa kufunzwa pamoja. Nikamwambia amefika. Ngendo kauliza watakaa wapi. Nimemjibu huo ni utaalamu.

Jioni nimepaka kila meza rangi yake. Ya samawati inapendeza sana.

Ijumaa, 6 Novemba
Makarani wamekuja. Mmoja wao, Awiti, kauliza meza yake ni ipi. Nikamwonyesha: ya samawati, humo ndani. Akauliza, kibodi ni moja, achape na nini, kope? Nikasema kwa zamu. Kwenye zamu yake akabonyeza kisanduku kisicho chake, akaifuta barua ya mwenzake Bridget. Bridget karibu alie. Ngendo akamvuta benchini, akaanza kumsuka ili atulie. Wengine wakapanga foleni, si yangu.

Jumamosi, 7 Novemba
Barasa kaja amenuna, akidai kompyuta nne. Makarani wakamwambia awaache, hawajamaliza kusukwa. Awiti kamwonyesha barua aliyochapa mwenyewe. Akaendelea kununa kidogo, kisha akakubali waendelee.

Ngendo kaamua mashine ibaki: anayengoja zamu ya kompyuta, anasukwa. Kona ni yake. Mimi nimesogezwa mlangoni, kwenye upepo. Hata Wakonyo kavuka barabara, akaketi benchini kungoja kusukwa, hakunitazama.

Kwa hiyo bango langu limefanya kazi. Nasikia kuna sura nyingine ya kompyuta yenye meza thelathini na mbili. Nimeshachanganya rangi. Ngendo kauliza watu wote hao watakaa wapi.

Huo ni utaalamu.