Vidole Vinne Upande wa Magharibi

Jumamosi, 4 Machi

Siku ya tisa kwenye kochi. Shingo haigeuki kushoto. Kitanda changu, mto wangu na feni yangu vyote viko chini ya utawala wa mama mkwe, aliyeumia nyonga kwa kuteleza kwenye sakafu mbovu ya nyumbani kwake. Uamuzi wa mke wangu: mama anakaa kwetu mpaka sakafu mpya ikamilike. Na nani anaipiga hiyo sakafu? Mimi! Kwa hiyo ufunguo wa chumba changu umo mfukoni mwangu mwenyewe. Ni suala la kutafuta muda tu.

Ndugu wa mke wangu walimtaka Fundi Kimya, mwashi wa mtaa wa pili, mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi. Mke wangu akasimama mbele ya ukoo mzima akasema mume wake anatosha, na yakiharibika walaumu yeye. Maneno mazito. Nilijisikia mrefu siku nzima.

Jioni akaja shemeji, kaka wa mke wangu. Yuko kituo cha hali ya hewa. Kazi yenyewe ni kuchungulia kopo lililofungwa kwenye uzio wa shule na kuandika namba. Akaniambia nimalize haraka na nijenge kizingiti mlangoni, maana Alhamisi kuna mvua kubwa. Nikamkumbusha kwamba mvua huanza tarehe ishirini. Akasema hiyo ilikuwa zamani, siku hizi dunia imepata joto, misimu imehama, ana kumbukumbu za miaka thelathini. Mimi nina mlango wa stoo. Marehemu baba aliuandika kwa mkaa: MVUA TAREHE 20. Maandishi hayajafutika mpaka leo. Namba za shemeji zimeandikwa kwa penseli!

Halafu, akiwa ameshika andazi langu, akagusia kwamba dunia ni duara. Nikacheka mpaka shingo ikauma. Miaka ishirini na sita napiga sakafu. Kama dunia ingekuwa mpira, ningeshagonga mgongo wake kwa sururu. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani, chumbani kwangu, kama sururu hiyo imeshafika nyumbani kwake au bado inatafuta mgongo wa dunia.

Kesho nitawanyamazisha wote.

Jumapili, 5 Machi

Siku kubwa katika historia ya sayansi.

Nilichukua mpira wangu wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, mita arobaini. Kila mwashi anaujua: maji ya ncha hii na ya ncha ile hukaa kimo kimoja. Nikaupeleka kiwanja cha shule, sehemu iliyosawazishwa kwa mashine. Hoja yangu ilikuwa rahisi. Dunia ikiwa mpira, maji yatamwagika upande mmoja. Yakitulia, dunia ni bapa, na shemeji aombe radhi mbele ya mama yake.

Kwa kawaida mpira hujazwa kwa kuvuta maji polepole kutoka kwenye ndoo. Nani ana subira hiyo Jumapili? Niliuchomeka kwenye bomba, nikafungua hadi mwisho, kazi ikaisha.

Nikapigilia vigingi viwili, mashariki na magharibi. Nikapima. Nikarudia kupima. Upande wa magharibi uko chini kwa vidole vinne!

Dunia si mpira. Wala si bapa tu. Dunia ni sinia, na sinia limeinama!

Nikakaa chini kwenye nyasi. Kila kitu kikajipanga chenyewe. Joto la siku hizi halitokani na moshi wa magari wala viwanda; ni sinia limeinama, upande wetu umesogea karibu na jua. Nimepata jibu kwa mpira wa plastiki na vigingi viwili, wakati wataalamu wanarusha vyombo angani.

Shemeji alikuja akasema hata dunia iwe duara, maji ndani ya mpira yangefuata huo mviringo, kwa hiyo nisingeona chochote. Kwa hiyo nimeona kisichoonekana! Hakujua kwamba alikuwa ananisifia.

Fundi Kimya naye alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama. Akautazama mpira wangu, akaweka kidole katikati yake palipokuwa na kiputo kirefu cha hewa, akaniangalia. Akaguna, akaondoka. Wivu mbaya sana.

Jumatatu, 6 Machi

Sikuenda saiti. Kwanza ilibidi nivunje jeshi la adui.

Mpango: saa sita, shemeji akiwa amekwenda kula, nikamimina maji kwenye kopo lake la mvua. Jua linawaka, anga safi, kituo kinatangaza mafuriko! Nani atawaamini tena kuhusu Alhamisi?

Shemeji alikuja kwetu saa kumi na moja, mpole kupita kiasi. Akamweleza mke wangu kwamba leo kopo limepokea mvua ya ajabu. Ilikuwa ya uvuguvugu. Ilikuwa na majani ya chai. Na kipande cha tangawizi.

Ndiyo, nilitumia birika. Sikuwa na chombo kingine.

Mke wangu alinitolea macho, akaniuliza sakafu ya mama yake imefika wapi. Nikasema niko kwenye hatua ya utafiti. Mama mkwe akasema kwa sauti ya chini kwamba amekwisha kufunga begi lake. Amelifunga tangu Ijumaa. Kila asubuhi analifungua, anatoa kanga ya kuvaa, analifunga tena. Ana hamu na mlango wake, amesema, na kelele za jikoni kwake.

Hilo lilinichoma. Kesho nafanya kazi.

Jumanne, 7 Machi

Nimefanya kazi! Zege saa mbili asubuhi, niru, ile saruji laini ya juu, alasiri. Ukumbi wote, kuanzia barazani mashariki mpaka mlango wa chumba cha kulala magharibi.

Naandika hapa kwa ajili ya vizazi vijavyo: hii ni sakafu ya kwanza duniani inayofuata mwinamo wa kweli wa dunia. Kwa nini sakafu za watu hupasuka? Kwa sababu zinapigana na sinia! Yangu haipigani. Upande wa chumbani nimeushusha vidole vinne kamili. Kizingiti cha mlangoni sikujenga. Kizingiti cha nini, na mvua ni tarehe ishirini?

Nyororo. Inang'aa. Nilitamani kuilamba.

Jumatano, 8 Machi

Sakafu inakauka. Nimemwambia mama mkwe anarudi nyumbani kesho. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akaniita mwanangu. Miaka kumi na nne ya ndoa, hajawahi. Mke wangu akaenda jikoni ghafla, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Shemeji akasihi tusubiri hadi Jumamosi, mvua ipite kwanza. Nikamjibu kwamba kesho saa tisa nakabidhi sakafu, yeye akipenda aje na mwavuli atuchekeshe.

Leo usiku nakiaga kochi.

Alhamisi, 9 Machi

Saa tisa kamili. Mama mkwe na fimbo yake, mke wangu na begi, shemeji na mwavuli. Fundi Kimya alikuja kuangalia; nilimwalika mimi, ili aumie vizuri.

Mama mkwe aliingia, akasimama, akasema sakafu ni nzuri. Halafu ndimu aliyoitoa kwenye kapu lake ikamdondoka mkononi. Ikaanza kutembea. Haikuwa na haraka. Ikapita ukumbini, ikapita meza, ikaingia chumba cha kulala peke yake. Sote tuliisindikiza kwa macho. Nikaeleza habari ya sinia. Hakuna aliyeuliza swali, nikajua wameelewa.

Saa kumi na robo, bati likapigwa. Sitaandika ni nini kilichopiga bati.

Maji yalijaa barazani, yakavuka pale ambapo pangekuwa na kizingiti, yakafuata njia ya ndimu. Ndala za mama mkwe zilitangulia, kisha kapu, kisha gazeti. Shemeji akambeba mama yake akamweka juu ya meza. Sisi wengine tukachota kwa sufuria na beseni, na kadiri tulivyochota ndivyo chumba kilivyojaa. Godoro lilikunywa lote.

Mama mkwe hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa juu ya meza amekumbatia fimbo, akauliza ametukosea nini. Mke wangu akaniambia, bila hata kunitazama, kwamba alisimama mbele ya watu kwa ajili yangu. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kusema samahani. Mdomo ukafunguka, nikasema angalau haijapasuka.

Shemeji hakufungua mwavuli. Alimwachia mama yake, akatoka akilowa.

Ijumaa, 10 Machi

Sakafu yangu inavunjwa. Fundi Kimya ameanza saa moja. Nimepewa kazi ya kubeba kifusi, kwenye saiti yangu!

Aliuokota mpira wangu wa levo, akauinua juu, akaupiga kwa ukucha. Kile kiputo kikapanda taratibu, kikatokea juu, kikapotea. Akaweka ncha mbili pamoja. Maji sawasawa. Akapima ukumbi, akanionyesha vidole vinne, kisha akavikunja kimoja kimoja. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Mke wangu akaniuliza kama sasa nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Shingo iliuma sana.

Jumamosi, 18 Machi

Sakafu ya Fundi Kimya imekamilika, ina kizingiti, ndimu haitembei. Lakini mama mkwe amekataa kurudi mpaka msimu wa mvua uishe. Shemeji amesoma namba zake: wiki kumi. Kitanda changu kimeshatandikwa shuka za maua za mama mkwe. Begi halifungwi tena kila asubuhi.

Nimepata muda wa kufikiri, na nimegundua makosa. Makosa ya Fundi Kimya. Ile haikuwa hewa tu iliyokwama! Kiputo ndicho kilichokuwa kinahisi mwinamo, naye akakitoa. Amevunja chombo pekee kilichojua ukweli. Na mvua kuja tarehe tisa badala ya ishirini? Mlango wa baba haujakosea. Sinia limeteleza, tarehe zote zimeserereka siku kumi na moja kuelekea magharibi. Nimeongeza maelezo hayo mlangoni. Kwa mkaa.

Nimeagiza mpira mpya, mita mia. Nitaujaza kwa bomba, kwa nguvu zote.

Wakati nasubiri, nimeweka matofali chini ya miguu ya kochi upande wa magharibi, vidole vinne, ili kufidia mwinamo wa dunia. Mchana huu nimejaribu usingizi mfupi. Nimeanguka mara mbili, zote upande wa mashariki.

Ushahidi unazidi kuongezeka.