Mbio za Mikumi na Kiberenge cha Lupakisyo

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Salome kafa. Mtoto wa dada yangu Siwema. Miaka sita. Kansa ya taya. Alitakiwa apelekwe Dar, nauli ikachelewa. Tumezika saa kumi.

Watani wakaja. Wasagara. Sisi Wanyamwezi, babu aliletwa huku Kilosa kujenga reli. Melkizedek fundi baiskeli akavaa koti langu, akatembea kama mimi. Polepole, kitambi mbele. Akasema mjomba huyu akitumwa dawa, mgonjwa atapona mwenyewe amkute njiani. Msiba mzima kicheko. Hata Siwema kacheka, machozi yanamtoka.

Aibu! Nikasimama. Nikasema Jumamosi nakimbia marathoni ya Sista Odilia. Sijui nani alinituma.

Jumanne, 5 Septemba
Nimemwona Sista hospitali ya misheni. Mbio zinaanzia Ulaya. Kijiji chetu hiki cha Ulaya, si kwa Wazungu. Zinaishia Mikumi. Kilometa arobaini na mbili! Nilidhani marathoni ni kuzunguka uwanja.

Hela ni za watoto wenye kansa. Mtoto mmoja, Lucas, bado yuko wodini, kitanda cha pili kutoka cha Salome. Taya lile lile. Sista anasema akianza sindano za Dar mapema anapona. Sindano si moja. Ni kwenda na kurudi, miezi.

Cosmas mwenye basi alikuwepo. Mnyamwezi mwenzetu, tangu serikali iruhusu mabasi ya watu binafsi anatembea kama mkuu wa wilaya. Akatangaza mbele ya watu: Mnyamwezi akimaliza mbio, Lucas na mama yake wanapanda basi lake bure mpaka sindano ziishe. Wakaulizana Mnyamwezi gani anakimbia. Wakanigeukia. Mama Lucas kanishika mikono yote miwili.

Alhamisi, 7 Septemba
Mazoezi. Nimekimbia mpaka sokoni. Nimetapika penye nyanya za watu. Melkizedek katoka kibandani, spana mkononi, kaniuliza kama nimeanza mbio au nimemaliza. Naye anakimbia Jumamosi, mwembamba kama spoku ya baiskeli.

Marehemu mke wangu Domina angeniambia nikae chini. Hayupo, mwaka wa tatu sasa. Kwa hiyo nimefikiri peke yangu.

Lupakisyo, mwenzangu wa genge la reli, kila Jumamosi anakagua njia kwa kiberenge, kile kigari cha relini. Anapita Ulaya. Anafika Mikumi. Nimeongea naye. Kasema nitafukuzisha watu kazi, siku hizi wanapunguza hata wasiokosa. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Kakubali.

Sitaki kuwa wa kwanza. Wa kwanza anaulizwa maswali. Wa tatu anapigiwa makofi tu.

Jumamosi, 9 Septemba
Nashindwa hata kuandika.

Filimbi ikalia. Nikakimbia mpaka kona ya kwanza. Nikaaga naenda kujisaidia. Nikakata porini, nikatokea relini. Kiberenge hiki hapa! Nikakaa chini nisionekane. Upepo mzuri. Nikala muhogo.

Mikumi nikajificha kichakani. Nikangoja weee. Akapita wa kwanza. Akapita wa pili. Nikajimwagia maji, nikatoka nahema.

Makofi! Vigelegele! Cosmas kanikumbatia, kapiga honi ya basi mpaka nyani wakakimbia. Siwema kalia. Lucas akaletwa mbele, shavu limevimba limefunga jicho. Hatafuni tena, soda ndiyo chakula chake. Akanipa soda yake. Akasema babu, umechoka. Nikainywa. Yote.

Hapo akaingia Melkizedek. Wa nne. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope, damu kwenye vidole. Akaniangalia mbele. Akanizunguka. Akapiga ukelele: jamani, njooni muone, Mnyamwezi kakimbia kwa makalio!

Grisi. Grisi ya kiberenge, nyuma yote, nyeusi tii.

Watu wakasogea kuona. Halafu kicheko. Cosmas hakucheka. Kasema Mnyamwezi hakumaliza, ahadi imekufa, asisikie mtu anamtajia Dar. Mama Lucas hakunitukana. Kambeba mtoto wake tu. Bora angenitukana.

Jumapili, 10 Septemba, asubuhi
Siwema kanivuta stendi nikamwombe Cosmas radhi. Kasema hazikwi mtoto mwingine kwa ajili ya matako yangu. Nikapiga magoti penye mafuta ya injini. Cosmas kamwambia dereva awashe.

Basi halikuondoka. Melkizedek kaja anachechemea, miguu kaifunga matambara, kalala chali mbele ya tairi. Mtani ana haki hiyo. Msibani wanalala hivyo mbele ya jeneza, halipiti mpaka wapewe kitu. Akamwambia Cosmas apite tu, ila akumbuke ng'ombe wa matanga atanunua yeye.

Abiria wanacheka. Konda anamvuta mguu, analia kidonda. Cosmas kashuka na hasira, kauliza mbwa huyu wa Kisagara anataka nini. Melkizedek akasema viti viwili, mpaka sindano ziishe. Cosmas akatukana. Akatukana tena, sasa anacheka. Mlango ukafunguliwa.

Mama Lucas, aliyekuwa anangoja pembeni, kapanda na mtoto. Lucas kakaa dirishani. Alipoondoka alinipungia mkono. Mimi. Nimeangalia chini.

Melkizedek kaniambia miguu yake imekwisha, nimbebe mpaka kwake. Nimembeba. Njia nzima anapiga mluzi kama treni, watoto nyuma yetu mabehewa.

Jioni
Nimekaa barazani peke yangu. Nimefikiri sana juu ya mambo haya. Sikutafuta visingizio. Kosa langu nimeliona.

Nilikaa chini.

Mwakani kwenye kiberenge nasimama mpaka Mikumi.

Kesho narudi kazini.